Mlango wa Kijani Shambani kwa Mzee Hemedi

Ulimwacha Fahima kwenye ukingo wa shimo, mkono mdomoni, macho yamemtoka pima. Bado yuko pale pale. Wewe wiki nzima umekula, umelala, umegombana na jirani juu ya kuku wake, na binti wa Mzee Hemedi hajapata hata nafasi ya kumeza mate.

Chini kwenye udongo mwekundu, brashi ya Yvonne ilikuwa imefichua ubao. Hakikuwa kigae cha chungu. Hayakuwa mavi ya chuma, yale mabonge meusi waliyoyaacha wahunzi wa kale walipoyeyusha madini hapa Kyuso, na ambayo Yvonne amekuwa akiyafukua kwa furaha kama mtoto siku ya Idi. Ulikuwa ubao, tena wa rangi ya kijani.

"Usiuguse!" Fahima alisema.

"Siugusi." Yvonne aliweka brashi chini polepole. "Lakini Fahima, hii ni rangi ya dukani. Mimi hapa nilikuwa nafuata tanuri ya wahunzi. Hii kitu imefika hapa aje?"

"Hiyo rangi niliipaka mimi."

"Wewe?"

"Mimi mwenyewe, nikiwa darasa la sita. Huo ni mlango wa duka la baba."

Na wewe uliyeazima gazeti leo kwa kinyozi, sogea nikueleze upesi, wenzako wasichoke kungoja. Kwenye shamba hili la ndengu, kando ya mto wa mchanga, linataka kujengwa bwawa. Kabla mashine hazijaingia, mwanaakiolojia Yvonne, msichana wa Kilungu asiyejua kukaa kimya, ameletwa aokoe vitu vya kale vilivyo chini. Shamba lilikuwa la marehemu Mzee Hemedi, na aliyeachiwa kauli juu yake ni binti yake Fahima, aliyeolewa kule Kibwezi. Siku chache kabla ya kufa, Hemedi alimpigia binti yake simu, akamwambia jambo moja tu. Nikishazikwa shambani kwangu, nisihamishwe.

Fahima aliapa. Alipoulizwa kuhusu bwawa alikubali kwa sababu moja, kwamba kaburi la baba liko kule juu kwenye ua wa miba, nje kabisa ya vigingi vyekundu vya mainjinia. Huko ndiko alikosoma Yasini kila alipokuja kuwaona watu wa kwao.

Sasa, siku ya mazishi duka la mbao lilikuwa limefungwa. Waislamu hawakawizi maiti, kwa hiyo waombolezaji waling'oa mlango wa duka la marehemu, wakaukata vipande, wakafungia mwanandani, ule mfuko wa pembeni ndani ya kaburi anamolazwa mtu. Kyuso nzima inajua. Mzee Hemedi amezikwa na mlango wake, watu walisema, wengine wakilia na wengine wakificha kicheko.

Na mlango wenyewe ndio huu, katikati ya vigingi.

"Kwa hivyo aliye hapa ni..." Yvonne alianza.

"Ni baba."

"Na kule kwenye ua?"

Fahima alikaa chini kwenye mchanga bila kujali buibui lake.

"Mama Ridwan! Mama Ridwan, kuna nini?"

Aliyekuja mbio kutoka juu alikuwa mumewe. Alizaliwa akaitwa Musyimi, akasilimu ili amwoe Fahima, akapewa jina la Haroun, ambalo halimkai hata leo. Ndugu za Fahima walimpokea kwa shingo upande. Fahima alimpokea kwa moyo wote, na mapenzi yale yaliongezeka mara dufu siku ya mazishi. Siku hiyo yeye alikuwa hospitalini Kibwezi, amejifungua Ridwan, hawezi kusafiri. Musyimi alikwenda peke yake. Aliporudi alimnyoshea mikono na kumwambia, "Kwa mikono hii nilimpokea baba kaburini." Fahima aliibusu mikono ile. Tangu siku hiyo mtu akimsema vibaya Musyimi mbele yake, anatafuta ugomvi.

Musyimi alichungulia shimoni. Akauona ubao, na jasho likamtoka hapo hapo.

"Mahamud!" akafoka. "Ni yule Mahamud! Nilikuambia huyo mtu si mtu. Alitaka nafasi ya zizi lake, akahamisha mawe ya kaburi la mzee!"

"Mahamud wa mifugo?"

"Nani mwingine? Si alikodi malisho hapa? Ng'ombe wake hawakulala hapa hapa?"

Yvonne alipanda kutoka shimoni, akajipangusa magoti. "Mzee Musyimi, ngoja kidogo. Mimi kabla sijapiga jembe hata moja huwa nauliza familia. Kaburi ziko wapi? Kazi yetu inaanzia hapo. Hapa niliuliza, na wewe ndiye ulinipeleka kule kwa ua. Ukaniambia ni hiyo moja tu."

"Nilionyesha penye mawe yalikuwa."

"Na leo asubuhi ulinivuta kule juu, ukaniambia hapa kuna shimo la nyoka."

"Si kuna nyoka? Hii ni Kyuso, madam!"

Fahima alisikia hayo yote. Wazo moja likamjia kichwani, akalifukuza kama anavyofukuzwa mbuzi mlangoni. Mtu aliyeshuka kaburini kwa miguu yake atasahauje kaburi lilipo? Lakini huyu ni Baba Ridwan. Huyu hawezi.

"Mpigie Mahamud," alimwambia mumewe. "Aje anieleze mbele ya baba."

"Ya nini kumpigia? Huyo ni wa kushtaki tu."

"Basi nitampigia mimi."

Bahati siku hiyo Mahamud alikuwa amekuja soko la Kyuso. Alifika kwa bodaboda, ndevu zimejaa vumbi na hasira imemjaa zaidi. Hakusalimia mtu. "Nani anasema mimi nachezea kaburi?" akauliza. "Fahima, dada yangu, ni wewe?"

"Nimeambiwa."

"Umeambiwa na nani?"

Macho ya Fahima yalimtoroka, yakaenda kwa mumewe. Mahamud akacheka kwa pua.

"Mimi malisho yangu ilikuwa ng'ambo ya mto. Baada ya kumzika Mzee Hemedi niliuza ng'ombe yote, nikarudi Mwingi. Sijakanyaga hii shamba tena mpaka leo. Kaburi iko hapa." Alionyesha kidole moja kwa moja kwenye shimo la Yvonne, bila kusitasita. "Mimi najua, nilichimba."

"Na kule kwenye ua?"

"Kule kuna nini?"

Walipanda wote. Kwenye ua wa miba kulikuwa na mawe yamepangwa vizuri, jiwe kubwa kila upande, kama alivyoyazoea Fahima. Aliyajua mawe yale. Yalikuwa mawe ya baba kweli, aliwahi kuonyeshwa picha ya mawe hayo siku ya tatu ya msiba. Kilichobadilika ni mahali tu.

Mahamud aliyatazama mawe. Akalitazama jua. Akazunguka, akasimama upande wa pili, akakunja uso.

"Huyu amezikwa na nani?"

"Kwa nini?"

"Dada, ukiswali hapa Kyuso unaangalia wapi?"

"Kaskazini."

"Haya. Maiti yetu inalala ubavu, uso ndio unaangalia kibla. Sasa kama uso uko kaskazini, mwili umelala vipi? Unakata hivi." Alipitisha mkono kutoka mashariki kwenda magharibi. "Hii mawe imesimama kusini kwa kaskazini. Huyu ametupa miguu kwa kibla, ama kichwa, Mungu ndiye anajua. Wallahi, hata mtoto wa madrasa hawezi panga hivi. Hii imepangwa na mtu anajua tunaswali kaskazini, lakini hajawahi kuchungulia kaburi ya Muislamu."

Usimlaumu Fahima kwa kutoliona hilo. Kwao wanawake hawafuati jeneza. Hulia nyumbani, husubiri wanaume warudi na habari, na makaburi huyajua kwa mbali. Alipoonyeshwa mawe haya alikuwa na mtoto mgongoni na machozi machoni. Nani aliye katika hali hiyo hupima pembe za mawe?

Lakini sasa aliyaona. Na wazo alilolifukuza lilirudi, likaingia ndani na kukaa.

"Baba Ridwan."

"Naam."

"Uliniambia ulishuka kaburini kumpokea baba."

"Nilishuka."

"Ulimshika upande gani?"

Musyimi alilamba midomo. "Upande wa kichwa."

"Kichwa chake kilikuwa wapi?"

Musyimi aliangalia mawe aliyokuwa amesimama karibu nayo, kama mwanafunzi anayechungulia daftari la mwenzake. "Kilikuwa kaskazini. Kibla, si ndio?"

Mahamud aligeuka akatazama mtoni. Kwa mara ya kwanza tangu afike alizungumza kwa upole. "Kichwa ilikuwa mashariki, dada. Tuliingia mimi, Tariq wa bucha, na imamu, Mungu amrehemu. Huyu bwana yako alikuwa barabarani nyuma ya lori, simu kwa sikio. Mimi nilidhani analia, nikamwacha."

Yvonne alijifanya anatafuta kitu kwenye mkoba. Upepo ulipita kwenye ndengu kavu.

Kuna uchungu unaokuja na kelele, na kuna huu. Fahima alikuwa ameibusu ile mikono. Alikuwa amegombana na kaka zake kwa ajili ya ile mikono. Kila kitu alichompa huyu mwanamume baadaye, imani, shamba, siri za nyumba yao, alikijenga juu ya siku ile, na siku yenyewe haikuwahi kuwepo.

"Nilikuwa naogopa," Musyimi alisema. "Ndugu zako waliniangalia kama mtu wa jana. Ningekosea kitu hapo ndani mbele yao..."

"Ukaona unidanganye mimi."

"Ulikuwa hospitali na mtoto mchanga. Ulikuwa unataka kusikia hivyo."

"Nilitaka ukweli!" Sauti ilimpasuka. "Na mawe? Mawe ulihamisha wewe?"

Musyimi aliinamisha kichwa. "Ni mimi. Lakini mzee sikumgusa. Naapa, nilihamisha mawe peke yake."

"Ili mimi niambiwe kaburi liko nje ya vigingi."

"Ndiyo."

"Ili nikubali bwawa."

"Ndiyo, Mama Ridwan."

"Walikuahidi nini? Usimamizi? Tenda ya mchanga? Uliniuza kwa kitu gani, Baba Ridwan, niambie nijue bei yangu!"

"Hakuna mtu aliniahidi kitu!"

"Basi kwa nini?"

"Wacha tu."

"Siwachi."

"Fahima, wacha." Hakuwa amemwita kwa jina lake tangu Ridwan azaliwe. "Hata wewe ni Mkamba, unajua. Nthoni, hiyo haya ya ukwe, inanishika. Mama mkwe ni mtu hata siwezi kula mbele yake. Akikuita kando, akuombe kitu na machozi, utamwambia hapana na mdomo gani?"

Fahima alimtazama mumewe bila kuelewa. Kisha akaelewa, na akatamani asingeelewa.

"Mama?"

"Nani ananiita?"

Bi Mwanamisi, mjane wa Mzee Hemedi, alikuwa akipanda kutoka mtoni akiwafuata punda wake, mitungi ya maji ikigongana mbavuni mwao. Aliona watu kwenye ua, akaona shimo kule chini limezungukwa na vijana wa Yvonne walioacha kuchimba. Hakuuliza kulikoni. Aliwasimamisha punda na kukaza leso kiunoni.

"Wamemfikia," alisema.

"Ulijua alipo, Mama?"

"Nilijua."

"Na ulimwambia Baba Ridwan ahamishe mawe?"

"Nilimwambia. Usimkemee sana, alilia kuliko mimi."

Hapo Fahima alikosa pa kushika. Mume, mtu anaweza kurudi kwao na kusema nilikosea kuchagua. Mama huyo utamrudisha wapi?

"Nilimwapia baba," alisema kwa sauti ndogo. "Nilimwapia hatahamishwa. Ulijua, Mama, nilikuambia mwenyewe."

"Na unajua kwa nini alikuapisha? Unadhani ni mapenzi ya shamba?" Bi Mwanamisi alisogea karibu. "Vigingi vilipigwa akiwa hai. Nimetoka mtoni siku hiyo, punda sijawashusha mzigo. Akaniambia, nikifa nizikeni pale katikati ya vigingi, tuone kama watapita juu yangu. Akacheka. Fahima, alicheka!"

"Ni shamba la babu yake."

"Na mimi ni nani wake?" Alivuta leso iliyofunika kichwa chake. Kwenye kipaji cha uso, kutoka sikio hadi sikio, palikuwa na mfereji mwembamba, pale kamba ya mtungi ilipokaa miaka na miaka kabla ya kununuliwa punda. "Gusa. Umewahi kugusa hapa? Huo mchanga wa mto nimeuchimba na kikombe tangu niolewe. Kiangazi tunachimba mpaka mtu anaingia mzima mzima, tunapokezana na nyani. Alikuwa na duka, alikuwa na shamba, na neno moja tu la kukubali bwawa lilimshinda. Akaona anizuie maji hata akiwa ameoza!"

"Ungeniambia. Ungenipigia simu ukaniambia hivyo hivyo."

"Wewe?" Bi Mwanamisi alicheka kicheko kibaya. "Wewe uko Kibwezi, mfereji unapita kwa shamba lako. Maji unayafungua na mguu. Ungechagua nani kati yangu na baba yako? Nijibu bila kufikiria."

Fahima alifikiria. Hilo peke yake lilikuwa jibu, na wote wawili walilisikia.

"Ukaniacha nisomee mawe matupu Yasini," alisema hatimaye. "Ulikaa ndani ukinisikia nikilia pale nje."

"Yasini humfikia mtu popote alipo."

Yvonne alikohoa. Alikuwa ameshika simu mkononi, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyepewa mzigo asiouomba. "Mama, samahani sana. Mimi siwezi kukaa kimya. Kaburi ya juzi juzi ikitokea ndani ya vigingi, nasimamisha kazi. Nikishapiga hii simu, mashine hazishuki hapa mpaka familia ikubaliane. Ama ukuta usogezwe, ama mzee ahamishwe."

"Ukuta hauwezi kusogea," alisema Bi Mwanamisi. "Injinia alituambia barazani. Mwamba uko hapa peke yake. Wakitoka hapa wanaenda mto mwingine."

"Na baba hahamishwi," alisema Fahima.

Mama na binti walitazamana. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwao kutazamana hivyo, bila mmoja kuinamisha macho.

"Mwanangu," Bi Mwanamisi alimgeukia Yvonne, na sauti ikawa ya kubembeleza, "wewe ni mgeni wangu. Umekula kwangu. Fukia. Hukuona kitu. Mavi ya chuma umeshapata ya kutosha, chukua uende nayo Nairobi. Huyu mzee tumwache hapo hapo, maji yamfunike. Hatahamishwa, na bwawa litajengwa. Kila mtu atapata alichotaka."

"Mama, nimeona. Siwezi kusema sikuona."

"Baba Ridwan!" Bi Mwanamisi aliita. "Chukua sepetu."

Na Musyimi, msomaji, alichukua sepetu. Mbele ya mke wake, siri zote zikiwa zimemwagwa juani, alikwenda akaokota moja iliyoachwa kando ya ua na vijana wa Yvonne, kwa sababu mama mkwe amesema. Fahima alimwona akiinama. Kama kulikuwa na uzi wowote uliobaki kati yao, ulikatika hapo, na wala hakulia.

Alikimbia. Aliteremka mteremko wa ndengu buibui limeshikwa mikononi, akawapita vijana wa Yvonne, akaruka ndani ya shimo. Alitua kando ya ubao wa kijani, akapiga magoti na kuuwekea viganja.

"Piga simu, Yvonne!" alipaza sauti. "Piga sasa hivi!"

Musyimi alifika ukingoni na sepetu yake, akasimama kama mti. "Mama Ridwan, toka. Tafadhali toka."

"Nifukie wewe. Si ulisema unajua kuzika? Anza."

Sepetu ilianguka kutoka mikononi mwa Musyimi. Mahamud alimshika bega, akamvuta nyuma. Juu kwenye ua Yvonne alikuwa tayari ameweka simu sikioni, anazungukazunguka akitafuta mtandao.

Bi Mwanamisi alishuka bila haraka. Aliwapita wanaume wote kama hawapo. Tangu aolewe hajawahi kusimama kwenye kaburi la mtu, na sasa alisimama juu ya la mumewe, akamtazama mwanawe wa pekee wa kike chini kwenye udongo.

"Fahima, nimekaa nikisubiri maji kabla wewe hujazaliwa."

"Nilimwapia, Mama."

Mjane aliinama. Alichota udongo mwekundu kwa mikono miwili, akajaza hadi ukamwagika, kisha akautupa shimoni. Ulimwangukia Fahima kichwani, mabegani, ukatawanyika juu ya mbao za kijani.

"Toka humo," alisema mama yake. "La sivyo nakufukia naye."

Akainama, akachota tena.